Mimba za Utotoni: Mwitikio wa Watu Wazima na Vyombo vya Habari, na Athari Zake kwa Afya ya Msichana

Shirika la Afya Duniani humtambua kijana balehe kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 10 hadi 19. Ujauzito unaotokea katika kipindi hicho ndio ambao katika lugha yetu ya kila siku tunauita mimba ya utotoni. Jina ni moja, lakini wanaobeba jina hilo hawafanani. Yumo msichana wa miaka 12 aliyebakwa na mtu wa karibu na familia. Yumo mwanafunzi wa kidato cha pili aliyehadaiwa kwa nauli ya bodaboda na chipsi. Yumo binti wa miaka 16 aliyempenda kijana wa rika lake. Yumo pia mke wa miaka 19 anayemsubiri mtoto wake wa kwanza akiwa na mumewe. Mahitaji ya kitabibu, ya kisheria na ya kijamii ya hawa wanne yanatofautiana sana, na kosa la kwanza ambalo jamii hulitenda ni kuwatazama wote kwa jicho moja.

Makala hii inaeleza hatari za kiafya zinazoambatana na mimba za utotoni, kisha inajadili jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha katika vituo vyetu vya tiba: kwamba namna watu wazima wanavyoupokea ujauzito huo, na namna vyombo vya habari vinavyouripoti, vinaweza kuzipunguza hatari hizo au kuziongeza. Aibu haionekani katika kipimo cha damu wala cha mkojo. Hata hivyo, ni miongoni mwa sababu zinazomfikisha msichana hospitalini akiwa amechelewa.

Takwimu zinasema nini

Kwa mujibu wa Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015-16, asilimia 27 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito kwa mara ya kwanza. Utafiti wa aina hiyo wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 22. Kushuka huko ni habari njema, ingawa bado maana yake ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano.

Wastani wa taifa huficha tofauti kubwa. Katika utafiti wa 2015-16, Katavi ilikuwa na asilimia 45 na Tabora asilimia 43, ilhali Mjini Magharibi, Unguja, ilikuwa na asilimia 5 tu. Miongoni mwa wasichana wasiokuwa na elimu yoyote, zaidi ya nusu walikuwa wameanza uzazi. Miongoni mwa waliofika sekondari au zaidi, ni takribani mmoja katika kumi. Pengo kama hilo lilionekana pia kati ya kaya maskini kabisa na kaya zenye uwezo mkubwa. Tofauti hizi haziwezi kuelezwa kwa hoja ya maadili peke yake. Hakuna ushahidi kwamba wazazi wa Katavi wanawapenda binti zao kwa kiasi kidogo kuliko wazazi wa Unguja. Umaskini, umbali wa shule, ndoa za mapema na uhaba wa huduma za afya zinazowafaa vijana ndizo sababu zinazojitokeza tena na tena.

Takwimu hizi husomwa vibaya mara nyingi. Asilimia 27 haikuwa asilimia ya wanafunzi. Ilikuwa asilimia ya wanawake wote wa umri huo, wakiwamo walioolewa, walioacha shule zamani na ambao hawakuwahi kusoma. Idadi hupanda haraka kadiri umri unavyosogea kutoka miaka 15 kuelekea 19. Kwa hiyo picha tuliyoizoea magazetini, ya msichana aliyevaa sare ya shule akiwa ameinamisha kichwa, inaeleza sehemu moja tu ya tatizo. Wasichana wengi wanaozaa mapema hawakuwa shuleni walipopata ujauzito, na wengi walikuwa katika ndoa ambazo watu wazima ndio waliozifunga. Kuhusu hao wa mwisho, magazeti huwa kimya.

Funzo kutoka Machakos

Mwezi Juni 2020, wakati shule za Kenya zikiwa zimefungwa kutokana na janga la UVIKO-19, vyombo vya habari vilitangaza kwamba wasichana karibu 4,000 wa Kaunti ya Machakos walikuwa wajawazito. Habari hiyo ilizagaa kote Afrika Mashariki. Viongozi walitoa matamko, wazazi walilaumiwa kwa kutowaangalia watoto, na wasichana wakalaumiwa kwa kushindwa kukaa nyumbani kwa utulivu.

Mtu mwenye ujuzi wa huduma za uzazi angejiuliza swali jepesi. Takwimu hizo zilitoka katika mfumo wa taarifa za vituo vya afya, nazo zilihusu wasichana wa hadi miaka 19 waliohudhuria kliniki kati ya Januari na Mei. Shule zilifungwa katikati ya Machi. Wajawazito wengi katika nchi zetu huhudhuria kliniki kwa mara ya kwanza wakiwa na mimba ya miezi minne au mitano, na vijana huchelewa zaidi. Basi, sehemu kubwa ya wasichana walioandikishwa hadi Mei walikuwa wamepata ujauzito kabla shule hazijafungwa. Idadi ile ilikuwa kubwa na ya kusikitisha, lakini haikuwa matokeo ya kufungwa kwa shule, wala haikuwa jambo geni. Lilikuwa tatizo la kila mwaka ambalo ghafla lilipata kichwa cha habari.

Hili halimaanishi kwamba hofu ya wazazi haikuwa na msingi. Utafiti uliofanyika katika Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2022, uliwalinganisha wasichana wa sekondari waliokaa nyumbani miezi sita kwa sababu ya janga na wenzao waliohitimu kabla ya janga. Ulibaini kwamba waliokatishiwa masomo walikuwa na hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza sekondari. Kumbe shule humlinda msichana kweli. Ila ukweli huo ulipatikana kwa kulinganisha makundi mawili kwa subira, si kwa kuitazama idadi moja na kuipandishia sauti. Habari iliyotangulia ushahidi ilizalisha lawama. Ushahidi ulipokuja ulionyesha njia, kwamba kumbakiza msichana shuleni ni kinga ya afya yake.

Mwili wa msichana na ujauzito

Umri wenyewe una uzito wake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba akina mama wenye umri wa miaka 10 hadi 19 wako katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba, maambukizi ya mji wa mimba baada ya kujifungua na maambukizi ya mwili mzima, wakilinganishwa na wanawake wa miaka 20 hadi 24. Watoto wao nao wamo katika hatari zaidi ya kuzaliwa njiti, kuzaliwa na uzito pungufu na kuugua vibaya katika siku za mwanzo za maisha.

Tuanze na kifafa cha mimba. Ugonjwa huu huanza kimyakimya, kwa kupanda kwa shinikizo la damu na kuvuja kwa protini katika mkojo, kwa kawaida baada ya wiki ya 20 ya ujauzito. Huwapata zaidi wanawake wenye mimba ya kwanza, na karibu kila msichana tunayemzungumzia hapa yumo katika kundi hilo. Mwanzoni hahisi chochote. Kinachoweza kumgundua ni kipimo cha shinikizo la damu na kipimo cha mkojo, tena kwa kurudiwarudiwa. Msichana anayeificha mimba kwa kujifunga kanga tumboni hadi mwezi wa saba amekosa vipimo vyote vya kipindi hicho. Tunapokutana naye kwa mara ya kwanza, pengine tayari ana degedege.

La pili ni upungufu wa damu. Msichana wa miaka 14 au 15 bado anakua. Mwili wake unahitaji madini ya chuma kwa ajili ya ukuaji wake mwenyewe, na sasa unatakiwa kugawana na mtoto aliye tumboni. Ukiongeza malaria, minyoo na mlo duni, akiba inakwisha. Mwanamke mwenye damu ya kutosha anaweza kuhimili kiasi fulani cha kutokwa na damu baada ya kujifungua. Kwa msichana aliyepungukiwa, kiasi hichohicho kinaweza kumaliza uhai.

La tatu ni uchungu pingamizi. Mifupa ya nyonga huendelea kupanuka kwa miaka kadhaa baada ya hedhi ya kwanza. Kwa wasichana wadogo kabisa, hasa walio chini ya miaka 15 au 16, kichwa cha mtoto kinaweza kukosa njia. Uchungu ukiendelea kwa siku nzima au zaidi bila msaada, kichwa hicho hukandamiza kibofu na wakati mwingine njia ya haja kubwa, nyama hukosa damu na kufa, na baada ya siku chache mkojo au kinyesi huanza kutoka bila kuzuilika. Hiyo ndiyo fistula ya uzazi. Mara nyingi mtoto huwa amekwisha kufariki. Fistula hutibika, na Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam hutoa matibabu yake bila malipo. Hata hivyo wapo wanaoishi nayo miaka mingi kwa kudhani kuwa ni laana.

Kuna jambo linalotoa matumaini katika maelezo haya. Kwa msichana wa miaka 17, 18 au 19, tofauti kubwa kati ya salama na maafa haiko kwenye mifupa yake. Iko kwenye huduma: lini alianza kliniki, mara ngapi alihudhuria, nani aligharimia usafiri, na alipokelewaje. Mambo hayo yote yamo mikononi mwa watu wazima.

Aibu kama kihatarishi

Wataalamu wa afya ya uzazi huzigawa sababu za vifo vya wajawazito katika aina tatu za ucheleweshaji: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kupata tiba baada ya kufika. Kwa msichana mdogo, aibu inafanya kazi katika hatua zote tatu.

Katika hatua ya kwanza, anaogopa kusema. Anajua kwamba siku mama atakapojua, baba atajua, na siku baba atakapojua, huenda akafukuzwa nyumbani au akapelekwa kwa bibi kijijini ambako hakuna anayemfahamu. Baadhi hujaribu kuitoa mimba kwa vijiti, kwa mchanganyiko wa dawa au kwa msaada wa watu wasio na ujuzi. Hapo hatari si mimba tena. Ni maambukizi, kutoboka kwa mji wa mimba na kuvuja damu.

Katika hatua ya pili, hana nauli wala sauti. Maamuzi ya lini aende hospitali hufanywa na watu ambao bado wana hasira naye. Familia inayojadili nani atalipa fidia inaweza kutumia usiku mzima katika mjadala huo ilhali binti yumo chumbani, uchungu umemshika.

Katika hatua ya tatu ndipo sisi watoa huduma tunapoingia. Matusi na kejeli katika chumba cha kujifungulia vimeripotiwa na tafiti katika nchi nyingi, ikiwamo yetu, na vijana hupata sehemu kubwa ya maneno hayo. “Wakati unafanya mbona hukulia?” ni sentensi ambayo haina thamani yoyote ya kitabibu. Kazi yake ni moja tu, kumfundisha msichana kwamba maumivu yake hayastahili kusikilizwa. Atakapopata homa kali siku ya nne baada ya kujifungua, atakumbuka sentensi hiyo kabla ya kukumbuka ushauri wetu wa kurudi kituoni.

Ipo pia kawaida ya baadhi ya vituo kumtaka mjamzito afike na mwenza wake katika hudhurio la kwanza, na asiyekuwa naye aende kwanza serikali ya mtaa kuomba barua. Nia ya kuwashirikisha wanaume ni njema, hasa katika kuzuia VVU. Ila kwa binti wa miaka 16 ambaye mwanamume amemkana au anawindwa na polisi, sharti hilo ni sawa na kufungiwa mlango. Mwongozo wa kumshirikisha mwenza haukuandikwa ili kumnyima mjamzito huduma.

Maneno ya habari

Kiswahili kina vitenzi vingi vya jambo hili, na kila kimoja kina upande wake. Tukisema msichana “amepata mimba”, yeye peke yake ndiye yumo katika sentensi. Tukisema “amepachikwa mimba” au “amejazwa mimba”, mwanamume anakuwapo kwa mbali, bila jina wala sura, na msichana anakuwa chombo. Tukisema “ameharibika” au “amekatisha ndoto zake”, tumekwisha kutoa hukumu. Na inapokuwa binti wa miaka 13, maneno yote hayo hufunika neno ambalo sheria hulitumia waziwazi, yaani kubakwa. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mwanamume anayemwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ambaye si mke wake anatenda kosa la ubakaji, hata kama msichana alikubali.

Vyombo vya habari vikitumia maneno haya kwa uangalifu, vinaweza kubadili mkondo wa fikra. Mfano mzuri tunao hapa nyumbani. Miaka ya mwisho ya muongo wa 2000, redio nchini Tanzania zilirusha matangazo mafupi yaliyomhusu Fataki, mwanamume wa makamo mwenye pesa anayewanyemelea wasichana wadogo. Katika matangazo hayo hakukuwa na msichana aliyetukanwa. Aliyechekwa ni Fataki, na kila mara alitokea mtu mzima wa kawaida, muuza duka, jirani au mhudumu wa mgahawa, akaingilia kati na kuharibu mpango wake. Jina hilo likaingia mitaani. Hadi leo watu humwita mwanamume wa tabia hiyo “fataki”. Matangazo yale yalifanya mambo mawili kwa pamoja: yaliihamisha aibu kutoka kwa mtoto kwenda kwa mkosaji, na yalimwonyesha mtu mzima asiye mzazi kwamba naye ana wajibu.

Kinyume chake ni habari inayochapisha picha ya msichana, jina la shule yake na kijiji chake. Hata kama uso umefifishwa, katika kijiji chenye shule moja kila mtu atamjua. Miongozo ya UNICEF kuhusu uandishi wa habari za watoto inasisitiza kwamba maslahi ya mtoto hutangulia maslahi ya habari, na kwamba mtoto aliyedhulumiwa kingono asitambulishwe. Kwa mtaalamu wa afya anayehojiwa na mwandishi, kanuni ni ileile: tunaweza kueleza ugonjwa, tiba na kinga, lakini hatutoi mgonjwa. Na tunapotoa takwimu, tuseme ni za umri gani, za kipindi gani na zimetoka wapi, ili tusizalishe Machakos nyingine.

Shule, sheria na kipimo cha mimba

Kwa miaka mingi mwitikio rasmi nchini Tanzania ulikuwa kumwondoa shuleni msichana mjamzito. Mwezi Juni 2017 Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alitamka hadharani akiwa mkoani Pwani kwamba aliyezaa hatarudi shuleni. Msimamo huo ulibadilishwa Novemba 2021, pale Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kuondolewa kwa kizuizi hicho, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huohuo ukaruhusu kurejea kwa wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ukiwamo ujauzito. Kenya ilikuwa na sera ya kuwarejesha tangu mwaka 1994. Wazazi wengi vijijini bado hawajui kwamba mlango umefunguliwa. Muuguzi wa kliniki ya watoto ana nafasi nzuri ya kuwaambia, kwa kuwa mama huyo mdogo atamletea mtoto wake kwa chanjo mwezi baada ya mwezi.

Upande wa adhabu, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Ukali huo unaeleweka. Lakini familia nyingi, zikikabiliwa na uwezekano wa kumfunga ndugu, jirani au mtu anayezisaidia kwa chakula, huchagua kuyamaliza nyumbani kwa ng’ombe, fedha au ndoa ya haraka, na msichana hufundishwa akane kila kitu mbele ya polisi. Wakati huohuo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Kwa daktari, funzo ni dogo na la moja kwa moja: ndoa haipanui nyonga wala haishushi shinikizo la damu. Binti wa miaka 15 aliyeolewa ana hatari zilezile za binti wa miaka 15 ambaye hajaolewa.

Suala linalotugusa sisi moja kwa moja ni upimaji wa mimba wa lazima shuleni. Wasichana hupangwa mstari, hutoa mkojo, na majibu hupelekwa kwa mwalimu. Aghalabu anayeshika kipimo ni mtoa huduma kutoka zahanati ya jirani. Kipimo cha tiba kina masharti: mpimwaji aridhie, apewe majibu yeye kwanza, na majibu yamfaidie. Upimaji huu hauna hata sharti moja kati ya hayo. Zaidi ya hapo, unamfundisha msichana kwamba mhudumu wa afya ni mkono wa kumfichua, na anayejifunza hivyo hatakuja kuomba ushauri wala uzazi wa mpango. Mwaka 2022, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliitaka Tanzania iukataze upimaji huo. Mtoa huduma anayeombwa kuufanya ana haki ya kukataa kwa heshima, na kujitolea badala yake kufundisha afya ya uzazi shuleni hapo na kumpokea kituoni kila msichana atakayekuja kwa hiari yake.

Wapo wanaohofu kwamba kuwafundisha vijana kuhusu uzazi ni kuwafungulia njia. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa kwa ajili ya UNESCO hayakuona kwamba elimu hiyo huharakisha kuanza kujamiiana, na katika baadhi ya programu ilichelewesha. Bibi zetu hawakuwa na tafiti hizo, lakini walikuwa na kungwi na somo. Walijua kwamba binti aliyevunja ungo anahitaji mtu mzima wa kumwambia ukweli. Kilichobadilika ni kwamba kungwi ameondoka katika nyumba nyingi, na nafasi yake bado iko wazi.

Kwa mtoa huduma

Msichana anapofika, mpokee katika chumba chenye faragha na uzungumze naye kwanza akiwa peke yake, hata kama ameletwa na mama au mume. Mwulize ana umri gani, mwanamume ana umri gani, na kama kuna nguvu au vitisho vilivyotumika. Mweleze mapema kwamba utatunza siri zake, isipokuwa pale usalama wake unapodai watu wengine wahusishwe, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii kutoa taarifa mtoto anapodhulumiwa. Usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Ukimweleza ukweli tangu mwanzo, atakuamini hata utakapomwita afisa ustawi wa jamii.

Aliyebakwa na akafika ndani ya saa 72 apewe dawa za kinga dhidi ya VVU. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi siku tano, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Tiba itangulie, fomu ya polisi ifuate. Aliyefika na mimba iliyoharibika, kwa sababu yoyote ile, ana haki ya huduma kamili. Kumhoji na kumtisha wakati anavuja damu ni kumchelewesha.

Kwa anayeendelea na ujauzito, panga mahudhurio manane kama inavyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Pima shinikizo la damu na mkojo kila mara, pima wingi wa damu, mpe madini ya chuma na foliki asidi, dawa za kinga ya malaria na chandarua. Panga naye mahali pa kujifungulia, na kwa aliye mdogo sana pawe mahali penye uwezo wa upasuaji. Mchunguze pia hali ya moyo wake. Sonona huwapata wengi, na swali la upole kuhusu usingizi, hamu ya kula na mawazo ya kujidhuru linaweza kuokoa maisha. Kabla hajaruhusiwa baada ya kujifungua, zungumza naye kuhusu uzazi wa mpango. Inashauriwa ipite angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine, na uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi hata kabla hedhi haijaonekana.

Kwa mzazi na kwa msichana mwenyewe

Mzazi, hasira yako inaeleweka, lakini iahirishe. Jambo la kwanza baada ya kujua ni kliniki, siyo kikao cha ukoo. Mwambie bintiye kwamba nyumba bado ni yake. Ukishuku ametendewa ukatili, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haina malipo. Usikubali kuyamaliza kwa siri mambo ambayo mwanao ataishi nayo maisha yake yote.

Nawe msichana unayesoma haya, hujachelewa kuja kliniki, iwe mwezi wa pili au wa nane. Ukiumwa kichwa kwa nguvu, ukiona maluweluwe au giza machoni, uso na mikono ikivimba, ukitokwa na damu au maji ukeni, ukipata homa, au mtoto akiacha kucheza, usisubiri ruhusa ya mtu. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Hutakiwi kuwa na barua wala mume ili upimwe.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Msichana huficha kwa sababu anajua atakavyopokelewa. Tukibadili mapokezi, nyumbani, kituoni na kwenye kurasa za magazeti, tutakuwa tumempa sababu ya kujitokeza mapema, wakati ambapo kipimo cha shinikizo la damu na vidonge vichache bado vinatosha kumwokoa yeye na mwanawe.